Foleni ya Ndoo na Kompyuta Moja

Hapo zamani, na msinitolee macho, zamani yenyewe ni muhula uliopita tu, palikuwa na chuo kimoja huko Singida ambako maji yalifunguliwa mara moja kwa siku. Saa nane mchana bomba linakohoa, saa kumi limekauka. Kwa hiyo wanafunzi wa chuo hicho hawakupanga foleni wenyewe. Walipanga ndoo. Asubuhi unaweka ndoo yako nyuma ya ndoo ya mwenzako, unakwenda zako darasani, ndoo inabaki kukusimamia. Ukirudi saa nane unaikuta imerudi nyuma hatua kumi, na hakuna aliyeiona ikitembea.

Katika chuo hicho alisoma msichana aitwaye Nyamizi, mwaka wa kwanza, kozi ya kompyuta. Na Nyamizi hakuwa na kompyuta. Chekeni, lakini ndivyo ilivyokuwa. Maabara ilikuwa na mashine kumi na mbili kwa wanafunzi themanini, na Nyamizi alipokosa nafasi aliandika programu zake kwa kalamu kwenye daftari kubwa, upande mmoja tu wa karatasi, mstari kwa mstari. Kisha alizisoma kwa sauti akijifanya yeye ndiye mashine. Wenzake walimtania kwamba daftari lake halihitaji chaji. Yeye naye alicheka, mpaka siku lilipobandikwa tangazo: muhula ujao kila mwanafunzi wa kompyuta aje na kompyuta yake, na asiye nayo atahamishiwa kozi ya uhazili.

Akampigia baba yake simu Nzega. Baba akasema, "Mwanangu, mpunga wa mwaka huu umeungua wote na jua. Kwani huo uhazili si kazi ya ofisini?"

Nyamizi akasema ndiyo baba, akakata simu, akalia. Uhazili ni kazi ya heshima, hilo alilijua. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye programu, na moyo hauhamishwi kwa tangazo.

Wiki mbili baadaye likabandikwa tangazo jingine, palepale pembeni ya lile la kwanza. Hakathoni ya wanaoanza! Jumamosi na Jumapili! Hujawahi kuandika programu? Njoo hivyo hivyo! Hakathoni, kwa asiyeijua, ni mashindano ya kuunda programu ndani ya siku mbili. Kwingine nasikia watu hukesha wakinywa kahawa. Pale chuoni ukumbi ulifungwa saa kumi na mbili jioni na kila mtu akaenda kulala. Wengi walikuja kwa ajili ya fulana ya bure na wali kuku. Nyamizi alikuja kwa ajili ya zawadi, kwa sababu zawadi ilikuwa kompyuta mpakato, mpya, ndani ya boksi lake. Moja.

Msimamizi, Madamu Felista, akawagawa watu watatu watatu. Nyamizi akaangukia kwa Gwamaka, kijana wa ustawi wa jamii anayeongea na kila mtu, na Chediel, kijana wa kilimo asiyeongea na mtu.

"Mimi sijui kompyuta," akasema Gwamaka.

"Mimi najua kuiwasha na kuizima," akasema Chediel.

Nyamizi akajiona tayari yuko darasa la uhazili.

Lakini Gwamaka ndiye aliyetoa wazo. "Jamani, tutengeneze foleni ya ndoo," akasema. "Unaandika jina lako kwenye simu, ndoo yako inahesabiwa, zamu ikifika simu inalia. Hakuna kusukumiana ndoo." Kisha akaenda bombani akakaa hapo asubuhi ya Jumamosi mpaka saa nne, akiuliza huku anatafuna andazi. Akarudi na mambo ambayo Nyamizi, pamoja na kusoma kote, hakuwa akiyajua. Ndoo yenye jiwe ndani, mwenyewe yuko kwenye mtihani, asubiriwe. Ndoo iliyofungwa kitambaa kwenye mkono wake, mwenyewe anauguza mgonjwa, ipitishwe mbele na asiulizwe kitu. Ndoo iliyofunikwa kichwa chini, mwenyewe amekata tamaa.

Gwamaka akayasema yote hayo, andazi mkononi, na daftari la Nyamizi akaligeuza sahani. Nyamizi akalivuta, akafuta mafuta kwa kiganja, akaandika. Aliandika kurasa ishirini na sita siku ile, na mchapaji wa ofisi ya chuo akaziingiza kwenye mashine kadiri zilivyotoka. Chediel alileta chai, akaleta tena chai, kisha akaulizwa kama anaweza kunyamaza, ingawa hakuwa amesema neno.

Saa nane wakaijaribu bombani. Ikawa balaa.

Zamoyoni, dada wa mwaka wa tatu, alikuwa ameweka ndoo yake tangu alfajiri. Programu ikamweka wa mwisho. Kijana mmoja, Abedi, alifika saa nane kasorobo akipiga miayo. Programu ikamweka wa kwanza. Abedi akachota, akashukuru teknolojia, akaenda zake.

"Nyie watoto!" akafoka Zamoyoni. "Hata ndoo zilikuwa na akili kuliko hii simu yenu!"

Nyamizi akarudi maabara, akasoma kila mstari mara tatu, asione kosa. Saa kumi na moja na nusu akamwambia Gwamaka, "Hii mashine isizimwe, nimeiacha hivyo." Maana mashine za maabara zilikuwa zimewekwa zijisafishe: ukizizima, chochote kilichokuwemo kinafutika. Gwamaka akasikia. Chediel hakusikia, alikuwa amekwenda kurudisha vikombe. Na Chediel alilelewa na bibi asiyetoka chumbani bila kugusa swichi zote. Akarudi, akakuta watu wameondoka, akazima mashine, akazima feni, akazima taa, akafunga na madirisha.

Jumapili asubuhi wakaikuta mashine safi kabisa.

Nyamizi hakupiga kelele. Alikaa chini akamtazama Chediel, na Chediel akatamani bora angepiga kelele.

"Daftari lipo?" akauliza Chediel.

"Lipo. Lakini mchapaji wa ofisi haji Jumapili, na mimi nachapa kwa kidole kimoja. Nitamaliza Jumatano."

Chediel akavuta kiti. Kumbe kijana huyu, kabla ya chuo, alichapa barua na mitihani ya shule tatu kwenye duka la stesheneri la mjomba wake huko Same. Vidole vyote kumi vilifanya kazi. "Nyie nendeni mkaombe watu msamaha," akasema, na hiyo ndiyo ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote mpaka saa ile. Nyamizi na Gwamaka wakaenda kwa Zamoyoni, Gwamaka akaongea, Nyamizi akainamisha kichwa, na Zamoyoni akakubali kujaribu mara moja tu, ya mwisho. Waliporudi saa sita, kurasa zote zilikuwa zimechapwa.

Saa nane bomba likakohoa. Majaji wakaja na madaftari yao. Simu ya kwanza kulia ikawa ya binti anayeuguza mwenzake. Ya pili, ya Zamoyoni. Ya tatu, ya aliyefuata nyuma yake kweli kweli. Ndoo arobaini na moja zikajaa bila tusi hata moja, na Abedi akachota wa mwisho kama alivyostahili. Zamoyoni akapiga vigelegele mpaka maji yakamwagika. Nyamizi hakuelewa ni nini kilichoponya programu yake, lakini naye alikuwa anacheka, na mtu anayecheka haulizi.

Saa kumi na nusu kundi la Nyamizi likatangazwa la kwanza. Wa pili walikuwa vijana waliounda programu ya kutabiri mboga ya kantini. Ilipatia kila siku, kwa kuwa kantini ile haijawahi kupika kitu kingine zaidi ya maharage.

"Sasa sikilizeni," akasema Madamu Felista, boksi likiwa mezani. "Kompyuta ni moja na ni ya mtu mmoja. Sitaki kusikia wiki hii kwako, wiki ijayo kwangu, hizo tumeziona zikivunjika. Nipeni jina moja kabla ya saa kumi na moja kamili. Mkishindwa, inakwenda kwa vijana wa maharage."

"Andika Nyamizi," akasema Gwamaka papo hapo. "Yeye ndiye aliyeandika kila mstari."

Chediel akaitikia kwa kichwa.

Nyamizi akasema asante. Alishajiona anampigia baba yake simu. Madamu akamwomba namba yake ya usajili, naye akafungua daftari aisome. Daftari likafunguka katikati, mahali ambapo karatasi mbili zilikuwa zimenata kwa mafuta. Akazibandua. Ndani, kwa mwandiko wake mwenyewe, ulikuwapo ukurasa wa kumi na nne.

Akausoma. Akausoma tena.

Ukurasa huo ulikuwa wa kupanga majina. Na yeye, msichana aliyeitwa kwa rejesta tangu darasa la kwanza, kina Abedi kwanza na kina Zamoyoni mwisho, alikuwa ameyapanga majina kwa alfabeti bila hata kufikiri. Alidhani kupanga majina ni hivyo tu, kwani kuna namna nyingine? Ndiyo maana aliusoma mara tatu asione kosa. Na Chediel alipokuwa anachapa, karatasi zilikuwa zimenata, akaruka kutoka kumi na tatu kwenda kumi na tano. Bila ukurasa huo majina yalibaki kwa mpangilio wa ndoo zilivyofika. Programu ilishinda kwa sababu ukurasa wake haukuwemo.

Hakuna aliyekuwa akimtazama. Madamu alikuwa ameinamia karatasi yake. Gwamaka alikuwa anapiga soga na jaji. Chediel alikuwa anakunja waya. Angefunga daftari, angesoma namba, na leo hii kisa hiki nisingekijua mimi wala nyinyi. Nyamizi aliitaka kompyuta ile kuliko alivyowahi kutaka kitu. Nawaambia kweli, alilifunga daftari.

Kisha akalifungua tena. "Madamu, subiri kwanza," akasema, na akawaonyesha.

Lo! Hapo ndipo maneno yalipoanza.

"Kwa hiyo," akasema Chediel polepole, akiwa ameshika ukurasa, "mimi ndiye niliyeitengeneza?"

"Wewe umeruka ukurasa!" akasema Gwamaka.

"Nimeruka ukurasa mbovu. Kati ya kurasa ishirini na sita nimeruka huo mmoja. Mwingine angeuruka upi?" Mtu asiyeongea alikuwa amepata sauti. "Na nani alichapa? Bila mimi mngekwenda kwa majaji na daftari. Jumamosi programu ilikuwa ya Nyamizi, ikashindwa. Jumapili ilipita mikononi mwangu, ikashinda. Nisemeje zaidi ya hapo? Na mashine ya Same ni ya mjomba; mimi nina vidole kumi bila mashine."

"Na nani aliifuta?" akauliza Gwamaka.

"Nisingeifuta, isingechapwa upya. Isingechapwa upya, kosa lingebaki."

Ukumbi ukaangua kicheko, hata vijana wa maharage.

"Haya, basi tufuate njia hiyo hiyo," akasema Gwamaka. "Ukurasa ulinata kwa mafuta ya nani? Andazi langu! Hapana, hilo naliacha, natania. Lakini wazo ni la nani? Nani alikaa juani bombani mpaka akaijua ndoo ya jiwe na ndoo ya kitambaa? Majaji wamesema walipenda nini? Wamesema walipenda mwenye mgonjwa kupitishwa mbele. Hilo halikutoka kwenye daftari wala kwenye vidole. Nani alimrudisha dada Zamoyoni? Bila mimi mngekuwa na foleni ya nani? Nilipotaja jina la Nyamizi sikujihesabu, kwa sababu nilidhani ni kazi yake tupu. Kama sasa tunahesabu upya, na mimi nihesabiwe."

Wakamgeukia Nyamizi. Macho yalikuwa yamemwiva, lakini alisimama.

"Mimi niliandika kurasa ishirini na sita," akasema. "Mmoja ulikuwa mbovu, nakiri. Ishirini na tano ndizo zilizogawa maji leo. Chediel alichapa nilichoandika, na Gwamaka alisema nilichoandika. Kosa langu ni langu, na nimelitoa mwenyewe, hakuna aliyenishika. Ningenyamaza, saa hizi ningekuwa nimebeba boksi. Je, nimejinyang'anya kwa sababu nimesema kweli? Na Jumatatu ya muhula ujao, nyinyi mtarudi kwenye kozi zenu. Mimi sitarudi kwenye yangu."

Zamoyoni akapaza sauti kutoka nyuma kwamba apewe Nyamizi. Abedi akapaza sauti kwamba apewe Chediel. Jaji mmoja akasema wahitaji wasichanganywe na washindi, na jaji mwenzake akamwambia anyamaze.

Basi, wasikilizaji wangu, hapo ndipo nilipowaacha. Kalamu ya Madamu Felista iko juu ya karatasi. Saa ya ukutani inasema bado dakika tatu, na vijana wa maharage wameanza kusogeza viti vyao mbele, kidogo kidogo. Msiniambie wagawane, Madamu amekwisha kataa. Msiniambie mnamhurumia huyu au yule, wote watatu wamesimama mbele yenu na wote watatu wanawatazama. Gwamaka aliyeleta wazo na watu, Chediel aliyeua programu akaifufua bila kujua, au Nyamizi aliyeandika, akakosea, na akakataa kulificha kosa lake lilipomfaa: jina la nani liandikwe?