Manyoya ya Singano

Hii nimeletewa na mtu aliyeletewa na mwingine, na wote tuliisoma tukiwa tumekaa, si juu ya baiskeli. Nawe kaa kwanza uisome, kisha mpitishie yule unayemjua, anayeshuka mlima huku anapiga mluzi.

Milimani kulikuwa na kijiji cha wakulima wa kabichi na karoti. Soko lilikuwa bondeni, na njia ya kwenda huko ilikuwa mteremko mtupu wenye kona kali, ukuta wa udongo upande mmoja na korongo upande wa pili. Vijana walishusha magunia kwa baiskeli kila siku ya soko, kisha wakazisukuma baiskeli hizo kupanda nazo nyumbani. Hiyo ndiyo kazi iliyompa kijana jina pale.

Baiskeli zenyewe hazikuwa na breki. Zilipotoka dukani zilikuwa nazo, lakini zilifunguliwa siku hiyohiyo, kwa maelezo kwamba raba za breki zinakula rimu na tena zinamzoesha mtu woga. Kijana aliposhuka alikandamiza tairi la nyuma kwa kisigino cha katambuga, zile kandambili za matairi ya gari, na hiyo ndiyo ilikuwa breki yake. Helmeti nazo walikuwa wameziona kwenye vichwa vya mafundi wa umeme, wakaziacha hukohuko.

Tena walikuwa na desturi moja. Mpanda baiskeli akinusurika ajali, kwao anachinjwa kuku wa salama, majirani wanaitwa kula, na unyoya mmoja wa mkia wa kuku huyo unafungwa kwenye usukani. Mwanzoni ilikuwa njia ya kumshukuru Mungu. Baadaye, sijui ilikuwaje, watu wakaanza kuhesabu manyoya. Aliye na unyoya alikuwa mwanaume. Asiye nao, kila mtu alijua kwamba huyo kwenye kona hushuka akasukuma kwa mkono.

Singano alikuwa na manyoya matatu, na hapakuwa na aliyemfikia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na majivuno kiasi, kama atakavyokuwa mtu yeyote anayelishwa kuku kwa sababu ya kutokufa.

Kilichomsumbua kilikuwa kisigino. Kilikuwa kikiungua kwa msuguano wa tairi, kinapona kidogo, kinaungua tena. Ndiyo sababu alikuwa mgeni wa mara kwa mara kwenye zahanati ya kijiji cha chini, na huko ndiko alikomkuta Salha, mhudumu wa afya, binti mpole wa maneno machache, aliyemsafisha kidonda bila kumkaripia. Mara ya kwanza alipokwenda, Salha alitoka nje akaitazama baiskeli yake kwa muda mrefu. Singano akadhani anayatazama manyoya kwa kuvutiwa. Baada ya miezi kadhaa ya kufungwa bandeji, alikuwa hana usingizi kwa ajili ya binti yule. Akamtuma mjomba wake Kilua awe mshenga, wakaenda kuposa.

Mama yake Salha, Bi Mwantumu, alikuwa mjane. Aliwapokea ukumbini pamoja na shemeji yake, baba mdogo wa Salha. Chai ikanywewa, afya za watu na mifugo zikaulizwa, kisha Kilua akaanza kumsifia kijana wake.

"Huyu si kijana wa hivihivi," alisema. "Kifo kimemkosa mara tatu. Manyoya yako hapo nje."

"Nimeyaona," alisema Bi Mwantumu. Akamgeukia Singano. "Mwanangu, uliponusurika hizo mara zote, nani alikuokoa?"

Singano akatabasamu. "Ni Mungu, mama, na huu wepesi wangu kidogo."

"Mungu sawa. Sasa nisikilize. Mimi sijakataa posa yako, na sijaikubali. Kila unyoya pale nje una mtu wa pili. Nenda ukamtafute kila mmoja umshukuru, halafu urudi uniambie amekujibu nini."

"Mtu wa pili? Mama, nilikuwa peke yangu."

"Basi safari yako itakuwa fupi. Na kama hutaki kwenda, si lazima. Unaweza pia usirudi."

Walipotoka, Kilua alikuwa akicheka. "Wakwe wa kike hao! Mwingine angedai ukamletee maziwa ya nyuki. Nenda, mpwa wangu, ni matembezi tu." Lakini Singano hakucheka. Alimtaka Salha kwa moyo wake wote, na alihisi kwamba mama yule hakuwa anatania.

Unyoya wa kwanza aliukumbuka vizuri, kwa kuwa alikuwa ameusimulia sana. Kulikuwa na mvua, katambuga ikateleza kwenye tairi, na mbele yake kwenye kona akatokea mtu na toroli la nyanya. Singano akapenya katikati ya toroli na ukuta, akaendelea na safari. Mwenye toroli alikuwa Mzee Mbaruku, na alimkuta kibarazani kwake akichambua maharage.

"Shikamoo mzee. Nimekuja kukushukuru kwa ile siku ya mvua. Nilipenya, namshukuru Mungu."

"Marahaba. Hukupenya, kijana."

"Vipi, mzee?"

"Nafasi haikuwepo. Nilipokuona unakuja nililisukumia toroli korongoni, ndipo nafasi ikapatikana. Nyanya zote zilikwenda, na kidole hiki kilinaswa kwenye mpini." Akamwonyesha kidole kilichopinda, kisha akaendelea kuchambua maharage. "Nilisikia siku hiyo mlichinja kuku."

"Ndiyo, mzee."

"Alikuwa mtamu?"

Singano alikaa akamsaidia mzee kuchambua maharage mpaka yakaisha, kwa sababu hakujua la kufanya lingine, kisha akaaga.

Unyoya wa pili ulimpeleka sokoni, kwa dereva wa lori la kabichi. Huyu alimtambua kutoka mbali, akashuka kwenye lori kabla hajasalimiwa.

"Ni wewe! Wewe ndiye uliyenipungia mkono!"

"Ni mimi, kaka. Siku ile nilikukwepa kwa..."

"Hukunikwepa. Ulikuwa umeshaniingia. Nilikanyaga breki mpaka nikanyanyuka kwenye kiti, lori likakaa mshazari, nyuma likabaki linaning'inia juu ya korongo. Nilipoteremka nilitapika hapo kando ya barabara. Wewe ulikuwa unapunga mkono kwenye kona inayofuata."

"Nisamehe, kaka."

"Nimeshasamehe. Lakini nikwambie kitu. Tangu siku ile, kila asubuhi nazikagua breki zangu kabla ya kuupanda mlima wenu. Ukiniuliza kwa nini, si kwa ajili yangu. Ni kwa ajili yenu ninyi msio nazo."

Singano alirudi kwao akiisukuma baiskeli, na safari hii hakuona aibu kusukuma. Aibu aliyokuwa nayo ilikuwa nyingine. Kwa muda wote ule alikuwa akidhani ana bahati, kumbe alikuwa na watu. Wao walivunjika vidole na kutapika barabarani, yeye akaenda kula kuku.

Uliobaki ulikuwa unyoya wa tatu, na huo ndio uliomtesa. Ilikuwa asubuhi ya ukungu mzito. Alikuwa ameshika kasi kwenye kona ya chini, kitu kikatokea, kikampangusa begani, na nyuma yake akasikia kishindo. Akafika bondeni mzima, akasimulia kwamba amepishana na kitu kwenye ukungu na hakuanguka. Kuku akachinjwa. Kile kitu hakukiulizia.

Sasa alikiulizia. Alizunguka mlango kwa mlango, kijiji cha juu na cha chini, akiuliza ni nani aliyeanguka kwenye ile kona siku ya ukungu. Wengine walimjibu kwamba hawajui. Wengine walimcheka wakamwuliza kama amechoka kuwa shujaa. Mwishowe akaamua kurudi kwa Bi Mwantumu na kusema ukweli, iwe itakavyokuwa.

Alimkuta na shemeji yake palepale ukumbini, mjomba Kilua akiwa amemfuata nyuma. Singano akasimulia yote, la nyanya na la lori, hakuficha kitu.

"Wa tatu sijampata, mama," akamalizia. "Hata sijui kama alikuwa mtu. Na kama alikuwa mtu, sijui kama yu hai. Hilo haliniachi nilale."

Bi Mwantumu akaita, "Salha!"

Salha akatoka ndani. Mkononi alikuwa na helmeti ya baiskeli, ile wanayopewa wahudumu wa zahanati pamoja na baiskeli zao. Ilikuwa imepasuka kuanzia kisogoni mpaka utosini, na vipande vyake vilishikana kwa mikanda tu. Akaiweka mkekani mbele ya Singano.

Singano akaielewa kabla hajaambiwa neno.

"Ulikuwa wewe?"

"Nilikuwa napandisha chanjo. Nilipokuona nilikaza breki nikageuzia upande wa ukuta, maana upande mwingine ni korongo. Kichwa kikapiga jiwe. Ilipasuka hiyo, mimi nikabaki."

"Na hukupiga kelele?"

"Nilikuita. Jina sikulijua, nikaita, 'Wewe wa manyoya!' Nilikuita tena. Hukusimama."

Singano akainamisha kichwa. Angeweza kusema kwamba ukungu ulikuwa mzito, na watu wangemwamini. Badala yake akasema, "Nilisikia sauti. Nikajiambia ni mbuzi. Na hata ningejua ni mtu, nisingesimama. Sikuwa na cha kusimamishia." Machozi yakamtoka mbele ya wakwe, na hakuyafuta. "Umenifunga kidonda miezi yote hiyo, na ulijua?"

"Nilijua tangu siku ya kwanza, nilipoiona baiskeli yako. Nikataka kukujua wewe ni mtu wa aina gani. Nikaona ni mtu mzuri asiyejua anachokifanya. Basi nikamwomba mama akutume ukajue."

Mjomba Kilua, ambaye siku zote hakosi la kusema, alikuwa akiitazama helmeti ile bila kupepesa macho.

Singano akainuka. "Mama, baba, naomba niende. Sina uso wa kuposa kwenye nyumba hii."

"Kaa chini," alisema Bi Mwantumu. "Hujaruhusiwa kuondoka. Mahari bado haijatajwa."

Singano akakaa, asiamini masikio yake.

Kwa desturi ya huko, mahari huitaja bibi harusi mwenyewe. Baba mdogo akamgeukia Salha akamwuliza kama anaridhia, na kama anaridhia, anataka nini. Wote walitegemea kusikia kitanda, au cherehani, vitu ambavyo wasichana wa pale walizoea kuvitaja.

"Naridhia," alisema Salha. "Mahari yangu ni breki mbili zinazoshika, mbele na nyuma, zifungwe kwenye baiskeli yake. Na helmeti mpya ya saizi ya kichwa chake."

Kilua akakohoa. Baba mdogo akakunja uso, akajaribu kumwelekeza kwa upole.

"Binti yangu, hivyo ni vitu vya bwana harusi. Mahari ni mali ya mke. Taja kitu kitakachokuwa chako."

"Ndicho hicho nilichokitaja, baba," alisema Salha. "Helmeti avae yeye. Kichwa kitakachorudi nyumbani jioni ndicho changu."

Baba mdogo akamtazama Singano. Singano akaitikia kwa kichwa, na fatiha ikasomwa.

Funzo: Kabla hujajisifu kwamba umenusurika, uliza ni nani aliyekaza breki kwa ajili yako, na kabla hujaanza kushuka, funga zako na uvae helmeti, kwa sababu kichwa chako kina mwenyewe anayekingoja nyumbani, na cha yule utakayekutana naye kwenye kona nacho kina wa kwake.