Bumunda na Kikombe cha Mwarobaini

“Mbane pua!”

“Nimembana! Wewe mfungue mdomo!”

“Usinipigie kelele, Baba Bumunda! Tazama, umemwaga tena!”

Hapo zamani, wanyama walipokuwa na nyumba na meko kama sisi, Kifaru na mkewe waligombana hivyo juu ya kichwa cha binti yao. Bumunda alikuwa anachemka kwa homa. Walimchemshia mwarobaini, lakini kila wakimnywesha, puuu! aliutema ukutani. Tangu jana hakuna hata tone lililofika tumboni, na sasa hata kusimama hawezi.

Jirani yao Nguchiro, mwembamba kama mwiko, alichoshwa na makelele. Akaja mbio na kibuyu cha asali.

“Jamani, mtamuua mtoto! Mtilieni asali kidogo.”

“Asali?” Kifaru akapiga mguu chini, gu! “Dawa isipokuwa chungu haifanyi kazi! Mimi utotoni nilikunywa hivyo hivyo, na nitazame nilivyo!”

“Ndivyo alivyo huyu,” Mama Bumunda akasema, karibu alie. “Tangu asubuhi wimbo ni huo huo.”

Nguchiro akashusha pumzi. Kubishana na Kifaru ni kusukuma ukuta, na mtoto alizidi kulegea.

“Haya, baba, umeshinda. Basi mwonyeshe mwanao. Akikuona umemaliza kikombe bila kukunja uso, naye atakunywa.”

“Kikombe kimoja tu? Lete!”

Gubu, gubu, gu... Kifaru akatulia ghafla. Macho yakamtoka. Sikio moja likatetemeka, kisha la pili.

“Vipi, baba?”

“Mm,” akajibu, mdomo kaufumba. “Mm-mm!”

Akatoka mbio, nusura aondoke na mlango, mpaka kwenye mtungi wa maji uani. Huko zikasikika kelele: gwaa! ptuu! gwaa!

“Haraka!” Mama Bumunda akanong’ona.

Nguchiro akamimina asali kwenye dawa ya mtoto, akakoroga. Bumunda akaonja kwa ncha ya ulimi. Akaonja tena. Akanywa yote, akalala.

Jioni jasho lilimtoka, akaomba uji.

Basi, wadogo zangu, kinachoponya ni dawa, si uchungu wake.

Nguchiro alipoaga, Kifaru alimfuata mlangoni, akatazama nyuma, akainama mpaka pembe ikagusa kizingiti.

“Dada Nguchiro, kesho mtilie mtoto asali. Ila mama yake asijue kwamba nimesema mimi.”