Vivinjari Vitatu vya Subilaga

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Nina kisa kilichonishinda kukiamua, nami nimekuja kukitua mbele yenu. Msinijibu kabla sijamaliza.

Katika mji wa Tukuyu, kule mvua inakonyesha mpaka watu wanasahau vumbi, alikuwepo mwanamke fundi cherehani, jina lake Subilaga. Alikuwa na binti mdogo, Lugano, na alikuwa na watu watatu waliompenda.

Wa kwanza alikuwa kaka yake mkubwa, Lusajo, mwalimu wa kompyuta. Kipaji chake kilikuwa kushuku. Hakuna ujumbe ulioingia kwenye simu yake asiuulize umetoka wapi na unataka nini.

Wa pili alikuwa Tumpe, waliyeshona naye chumba kimoja. Kipaji chake kilikuwa kunyamaza. Neno likiingia kwake, limeingia kaburini.

Wa tatu alikuwa Atuganile, wifi yake, dada wa mumewe. Huyu kipaji chake kilikuwa kumjua kaka yake. Walikua pamoja, akamwona anavyotega panya: hakuwaua, alikaa akiwatazama wakihangaika.

Kaka huyo ndiye Gwamaka, mume wa Subilaga. Kazi yake ilikuwa kuwaunganishia watu intaneti majumbani na madukani, na mji mzima ulimsifu kwa upole. Upole huo aliuvua mlangoni pamoja na viatu. Ndani ya nyumba alikuwa akimpiga mkewe.

Subilaga alikwenda kwanza kwa mama yake mzazi. Mama akamwambia, "Mwanangu, ndoa ni kuvumilia. Baba yako naye alikuwa na mkono." Basi akarudi, akaiuliza simu. Akafungua kivinjari, ile programu tunayopitia kwenda kwenye kurasa za mtandao, akaandika: "Mwanamke anayepigwa akimbilie wapi?"

Hakujua kwamba siku Gwamaka alipomletea simu ile, alikiunganisha kivinjari chake na akaunti yake yeye. Kila alichokitafuta Subilaga jikoni, kilionekana kwenye kompyuta ya mumewe sebuleni.

Walipokaa kula, Gwamaka alinawa, akakata tonge, akasema taratibu kama anayesoma zaburi, "Mwanamke anayepigwa akimbilie wapi?"

Mkono wa Subilaga ukabaki kwenye bakuli la mboga.

"Nakuuliza wewe," Gwamaka akasema. "Ulipata jibu?"

Akaushika mkono ule ule, wa kushikia mkasi, akakivunja kidole gumba. Lugano alikuwa ameketi palepale, na tonge lake mdomoni.

Lusajo alipokiona kidole hakupiga kelele. Alisema tu, "Nipe simu." Akaitenga na akaunti ya Gwamaka, akakiondoa kivinjari cha zamani, akaweka kingine. "Hiki waliokitengeneza wanakiziba kila panapotokea ufa," akamwambia. "Na kurasa za matapeli kinazijua. Kikikukataza kupita, mdogo wangu, kitii, hata moyo ukikutuma."

Haukupita muda, Lugano akapata homa, akapimwa zahanati. Jioni ukaingia ujumbe: "Majibu ya mtoto Lugano yako tayari. Bonyeza hapa." Mama gani asingebonyeza? Subilaga akabonyeza. Kioo kikawa chekundu chote: ukurasa huu ni wa udanganyifu, usiendelee. Akasita. Moyo ulimtuma aendelee, lakini akalitii neno la kaka yake. Lusajo alipouchunguza ujumbe ule, alikuta nyuma yake programu ya upelelezi, ya wale matapeli wanaouza maovu mtandaoni. Ingeingia, Gwamaka angesikia kila simu ya mkewe na kujua kila anaposimama. Zahanati haikuwa na habari. Baba alikuwa ametumia homa ya mwanawe kuwa chambo.

Kivinjari cha Lusajo kilikuwa imara, ila kilikumbuka. Kurasa zote alizopita Subilaga zilibaki ndani ya simu, na Gwamaka sasa alianza kuidai simu kila mkewe anapoingia. Subilaga akawa anafuta huku anatembea, na lile gumba lenye bandeji linakosea.

Tumpe alimtazama, akamwambia, "Siku moja utasahau. Na hiyo moja inamtosha." Akamwekea kivinjari cha pili, ambacho kikifungwa kinasahau kila kitu, na kinawazuia wale wanaokufuata kutoka ukurasa hadi ukurasa. Kisha akaongeza, "Lakini usimpe simu tupu. Simu tupu nayo inashitaki. Kabla hujaingia ndani, fungua mitindo ya magauni, iache hapo."

Siku hiyo hiyo Subilaga alikuwa amesoma habari za nyumba moja katika mji wa mbali, inayowahifadhi wanawake waliokimbia kipigo. Akafungua mitindo, akaingia. Gwamaka akampokonya simu mlangoni, akapekua, akapekua. Akakuta mikono na kola.

"Magauni tu?"

"Mimi si fundi?"

Akamrudishia. Angelikuta jina la nyumba ile, leo ningekuwa nawasimulia matanga.

Lakini fundi wa intaneti ana njia nyingine. Atuganile alikuja kuwasalimu, akamkuta kaka yake anatazama kompyuta, mara anainua macho kwenye kisanduku cha intaneti kilichobandikwa ukutani, anatabasamu. Tabasamu lile Atuganile alilijua tangu enzi za panya. Akamfuata Subilaga jikoni, akafungua bomba la maji lipige kelele.

"Wifi, kaka hahitaji tena simu yako. Anaitazama ile waifai ya ukutani. Ameanza leo."

"Mbona simu haikumbuki kitu?"

"Simu haikumbuki, kisanduku kinaona. Hasomi unachosoma, lakini kila mlango unaogonga anauona. Na kule mnakoshonea kisanduku ni chake pia."

Akamwekea kivinjari cha tatu. Hiki kinaupitisha ujumbe kwenye kompyuta za watu wasiojulikana, nchi baada ya nchi, ndipo kinaufikisha. Na kinakwenda polepole kama kobe. "Sikiliza vizuri," Atuganile akasema. "Hataona unakokwenda. Ila ataona kwamba unajificha. Ukianza kukitumia, wifi, usikawie."

Subilaga akaiandikia ile nyumba. Wakamjibu, wakamtajia mahali pa kumchukua. Kwenye kompyuta yake Gwamaka aliona nyendo za mkewe zimepotea, na alipofika nyumbani mbio kumwuliza, alikuta jiko lingali na moto na kitanda cha mtoto kitupu. Gari la ile nyumba lilikuwa limekwisha kuteremka mlima.

Kama si Lusajo, Gwamaka angesikia mpango wote. Kama si Tumpe, angeufuma mkononi. Kama si Atuganile, angewatangulia mlangoni akawangoja. Katika hilo nafikiri hatutabishana.

Sasa sikilizeni walicholipwa.

Gwamaka alikwenda shuleni, akamshitaki Lusajo kwamba ameingilia kompyuta ya mtu na kumtorosha mke wake. Mkuu wa shule alimjua Gwamaka. Ndiye aliyewaunganishia intaneti. Lusajo akafukuzwa, na hakuna shule iliyomtaka tena.

Akaenda kwa mume wa Tumpe, akaketi, akanywa chai, akasema kwa upole, "Ndugu yangu, ikiwa mke wako ndiye aliyemfundisha wangu kuficha, wewe anakuficha nini?" Tumpe hakutoa siri ya mwenzake hata ya kujiokoa. Kwa kunyamaza kwake mumewe akamrudisha kwao, watoto akabaki nao.

Atuganile hakungoja kushitakiwa. Alimwambia kaka yake usoni, "Ni mimi." Kofi alilopigwa lilimwua sikio moja. Na mama yao alipofariki mwaka uleule, ukoo ulimzuia Atuganile kusogelea kaburi. Aliusikiliza wimbo wa mazishi kutoka barabarani, kwa sikio lililobaki.

Kule kwenye nyumba ya hifadhi, mama mlezi alimwita Subilaga, akamwambia, "Taja jina la mtu mmoja. Huyo atajua ulipo. Atakuja kukuona, na ukifa ndiye atakayemlea Lugano, asirudi kwa baba yake. Wengine wote wasikusikie tena."

"Kwa nini mmoja?"

"Zamani tuliruhusu wawili. Tukamzika mwenzetu hapo nyuma, na kila mmoja wa wale wawili akaapa kuwa si yeye aliyesema."

Subilaga akamvuta Lugano karibu yake.

"Na mama yako mzazi?" mama mlezi akauliza.

"Mama bado anamkaribisha Gwamaka chai."

Akaruhusiwa kuzungumza na wale watatu mara moja, ya mwisho, kwa simu ya nyumba.

Lusajo akasema, "Tulinyonya ziwa moja, mdogo wangu. Sina kazi, sina heshima. Nisipokuwa na wewe, nina nani?"

Tumpe akakaa kimya mpaka Subilaga akadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Sikuombi. Ila wangu wamenyang'anywa. Ningempenda Lugano."

Atuganile akasema, "Sema kwa nguvu, wifi, sikio hili ndilo bovu." Akahamisha simu. "Lugano ni damu yangu. Ukoo mzima amebaki yeye tu wa kuniita shangazi. Lakini najua ninafanana na kaka. Ukiniona, utamwona."

Kila ninaposimulia kisa hiki watu wanagombana. Wapo wanaosema damu haiachwi, ni Lusajo; wengine huwajibu kwamba kwa Lusajo ndiko Gwamaka atakakoanza kuvizia. Wapo wanaosema siri apewe mtunza siri, ni Tumpe; wengine huuliza, akirudishiwa watoto wake kesho kwa sharti la kusema, atanyamaza? Wapo wanaosema Atuganile, aliyewasaliti wake kwa ajili ya haki. Na mzee mmoja alisimama akauliza, aliyesaliti mara moja ana uzito gani mara ya pili? Mkewe akamwambia aketi, aone haya.

Mama mlezi yuko mlangoni, anasubiri. Ni jina moja tu. Wale wawili watakaoachwa hawataambiwa kitu. Watazeeka bila kujua kama mwanamke waliyemwokoa bado anapumua. Nanyi msiniambie wote watatu wanastahili, hilo hata Subilaga analijua, na ndilo linalomliza.

Wewe uliyekaa hapo, ungekuwa yeye, ungelitaja jina la nani?