Maji Yaliyopita Mtamboni

Wapendwa, palikuwa na mfereji uliochimbwa kwa majembe ili meli zipite. Kwa miaka arobaini kazi yake ilikuwa hiyo tu. Kisha watu wakaona kwamba kando ya lango la kupitishia meli, pale mfereji unaposhuka, maji yanaporomoka bure. Wakaweka mtambo wa umeme, maji yote yakapitia humo, na mji wa chini ukapata taa.

Mtunza lango hakuupenda mtambo ule. Baba yake alilitunza lango hilo kabla yake, naye aliuona mtambo kama mgeni aliyejikaribisha. Ukaja mwaka wa ukame. Maji ya juu yalipopungua, akamwendea fundi wa mtambo, mwanamke mpole wa maneno machache.

"Mama, mfereji huu ni wa meli. Mtambo wako unatumalizia maji."

Fundi akamweleza kuwa mtambo haunywi maji, unayapitisha tu. Akamsihi washuke pamoja wakaone yanakoelekea. Hakushuka. Alikwenda kwa wakubwa, akalalamika mpaka mtambo ukazimwa.

Maji ya juu yakapanda, moyo wake ukatulia. Siku ya nne ikaja meli iliyobeba unga wa mji wa chini, mji ambao sasa ulikuwa gizani na maghala yake matupu. Akaifungulia lango kwa furaha. Meli ikapita, ikaenda kidogo, ikakwama kwenye tope. Mfereji wa chini ulikuwa umekauka. Maji yaliyozungusha mtambo ndiyo yaliyokuwa yakiujaza.

Akarudi kwa fundi, miguu imejaa matope.

"Mama, kumbe maji yako ndiyo yangu?"

"Si yangu wala si yako, baba. Yanapita."

Fundi akauwasha mtambo. Zikapita siku mbili kabla meli haijaelea.

Na sisi je? Mara ngapi tumesema kanisa hili ni letu tulioweka msingi, na hawa waliokuja juzi wanatumalizia? Yule unayemwonea kijicho kwa huduma aliyopewa, umewahi kushuka ukaona baraka inayopita mikononi mwake inaelekea wapi?

Inakuja kwako, ndugu yangu. Nawe uko hapo, umekwama, unamwomba Mungu mvua. Acha kuomba mvua. Nenda ukamfungulie jirani yako maji uliyomzuilia.