Chupa ya Buluu ya Bwanakheri

Tegeni masikio, enyi mliokaa, na Mola atusitiri na tunavyovipenda kupita kiasi.

Palikuwa na mtu, Bwanakheri, mfukuaji wa chupa za kale katika magofu ya mji uliosahauliwa. Alasiri moja alifukua chupa ya buluu, imefukiwa kichwa chini kama waganga wanavyofukia walichokifunga. Akaipeleka nyumbani penye chupa zake nyingine na, kwa mazoea yake, akaipuliza ili kuitoa mchanga. Chupa ikamnyonya pumzi yote, amana ya Muumba wake, naye akaanguka, mwili baridi.

Mkewe, Mwanatumu, akamkuta kati ya chupa zake arobaini. Sauti ikatoka miongoni mwazo: "Mke wangu, nimo chupani. Vunja kabla jua halijazama, ama sitoki tena."

"Umo katika ipi, bwana? Hizi umenikataza hata kuzipangusa."

"Anza na ya kijani," akasema, akiionea uchungu ya buluu.

Akaivunja. Kimya.

"Jaribu ya kahawia."

Akaivunja. Kimya.

"Labda ile nyeupe."

Akaivunja, vidole vikivuja damu. "Bwanakheri, jua linakwenda. Usinifanyie mzaha."

Akaiinua ya buluu. Miale ya mwisho ikapenya kioo, na Bwanakheri, akiwa ndani, akaona uzuri ambao hajapata kuuona.

"Hiyo hapana," akasema. "Simo humo."

Mwanatumu akamwamini. Akaiweka chini taratibu, isipate ufa, na jua likazama.

Ngano yangu naikomesha hapo. Msimcheke, mwombeeni rehema.