Funguo za Gari la Mzee Ngwele

Tegeni masikio, nina kesi ya kuwaachia. Mwenyewe imemshinda.

Mwenyewe ni Mzee Hashimu Ngwele wa Temeke, mgane mwenye watoto watatu, wote sasa watu wazima. Walipokuwa wadogo, kila likizo aliwapakia kwenye gari lake la kijani akawapeleka Mchinga kwa dada yake, Bi Mwanahawa. Safari ya pwani ya kusini enzi hizo ilikuwa mchanga, tope na kukwama, na kila mtoto alitoka nayo na kitu chake.

Somoe, mkubwa, alikaa dirishani. Njia akiipita mara moja, haimtoki kichwani. Bilali alijilaza sakafuni, sikio juu ya bati, mpaka akaizoea injini kama mtu anavyozoea sauti ya mama yake. Asumini, kitinda mimba, alikuwa wa kwanza kushuka kila waliposimama. Kabla baba hajamaliza chai, ameshajua nani mgonjwa na nani kaolewa.

Asubuhi moja ya masika simu ililia. Bi Mwanahawa alikuwa amefariki alfajiri.

"Tunazika baada ya alasiri," alisema jirani wa Mchinga. "Marehemu hakuacha mume wala mtoto. Ameusia kaburini ashushwe na kaka yake. Mtafika?"

"Tutafika," alisema Mzee Ngwele.

Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, jambo ambalo hakumwambia mtu. Wanawe watatu wakapanda garini, naye akashika usukani mwenyewe. Kibiti akajaza tangi, na nyuma akaweka dumu la maji, kama alivyowafundisha wanawe: kusini huendi na tangi nusu, wala huendi bila maji.

Walipoipita Somanga, wakakuta kalavati limesombwa na mvua. Malori yamepanga foleni, madereva wamelala chini ya matela.

"Mpaka kesho, mzee," utingo mmoja alisema.

Somoe alitazama upande wa bahari. "Baba, geuza. Nyuma pale kuna njia ya zamani, inapita kisimani. Mama alituosha miguu pale."

"Imeshaota majani ile."

"Ipo. Geuza."

Majani yalifika kwenye boneti. Kwa Mzee Ngwele ilikuwa kijani kitupu, hakuona njia wala ukingo. Somoe akawa anamwita: kulia, baba, sasa kushoto, taratibu, kuna korongo. Baba akafuata sauti. Wakaibukia kwenye lami, kalavati liko nyuma yao.

Wameshaiacha Nangurukuru, Bilali akainua mkono.

"Zima injini."

"Kuna nini? Geji imetulia."

"Zima, baba!"

Bilali alipofungua boneti, mvuke ukamchoma viganja. Mpira wa rejeta ulikuwa umechanika. Wangesogea kidogo tu, injini ingekufa. Bilali alikata kipande cha tyubu ya baiskeli, akakizungusha kwenye ufa, akakaza kwa waya. Injini ilipopoa akamimina dumu lote, kisha akakaa na viganja vyake juu ya magoti, havifumbiki.

"Twende," akasema. "Usiikimbize."

Mbele ya Mbwemkuru wakakuta magogo barabarani na vijana wameshika mawe. Asubuhi ile lori lilimgonga mtoto wa kijiji na kukimbia.

"Hapiti mtu hapa!"

Mzee Ngwele alishika kitasa aende kuwaambia ana msiba. Asumini akamgusa bega. "Niachie, baba. Nao wana machungu yao."

Akashuka. Hakuomba njia. Alikwenda moja kwa moja kwa mama aliyeketi mkekani, akakaa naye.

"Pole, dada. Mtoto anaitwa nani?"

"Shaibu. Kapelekwa hospitali na baba yake. Mguu wote umesagika."

Asumini alimsikiliza. Ndani ya gari baba alitazama kivuli kikirefuka, akatamani kupiga honi, akajizuia. Mwishowe mama yule akajifuta uso kwa kanga.

"Na nyie mnakwenda wapi?"

"Mchinga, kumzika shangazi. Baba ndiye wa kumshusha."

Mama akasimama. "Toeni magogo! Hawa wana maiti inawasubiri."

Walifika jeneza limeshatuliwa kando ya kaburi. Mzee Ngwele aliteremka, akampokea dada yake mikononi, akamlaza kuelekea kibla. Kazi ile haikuhitaji macho. Hakulia.

Baada ya dua aliwaita wanawe barazani.

"Leo nimeendesha mara ya mwisho," akasema. "Sioni. Gari hili siliuzi, na kulitumia kwa zamu sitaki, litachakaa kwa kukosa mwenyewe. Nampa aliyenifikisha kwa dada yangu."

Wakatazamana.

"Bila njia yangu tungekuwa bado kwenye foleni," Somoe alisema.

"Njia bila injini ni ya kutembea," Bilali akajibu, viganja vimefungwa kitambaa.

Asumini alisema polepole, "Njia ilikuwepo na injini ilikuwa inanguruma. Mbona tulisimama?"

Majirani wakaingilia. Wa huku: apewe Somoe, baba aliendesha kwa macho yake. Wa kule: Bilali, ndiye aliyeumia. Wengine: Asumini, wenzake walishindana na vitu, yeye alikabili watu wenye mawe.

Mzee Ngwele aliwatazama wote watatu. Nyuso hazikumjia vizuri, na kila sauti ilimpendeza alipokuwa akiisikia. Akazigeuza funguo mkononi, akazigeuza tena.

"Kesho kabla ya kuondoka nitasema," akawaambia.

Nyie mliokaa hapa, kabla kesho yake haijafika, nisaidieni: zingekuwa zenu, funguo zile mngeziweka kwenye kiganja cha nani?