"Naona" ya Bwana Shemboza

Wasomi nisikilizeni, hii hamkufundishwa. Bwana Shemboza alikuwa na mbuzi mia, lakini akamtamani yule mmoja wa Kidawa, muuza vitumbua. Wakapelekana uani kwa mwenyekiti wa kijiji.

"Naona mbuzi huyu ni wangu," alisema Shemboza.

"Unaona, au unajua?" mwenyekiti akauliza.

"Kwangu ni kitu kimoja! Nikishaona mimi, ndivyo ilivyo."

Kidawa akacheka. "Haya macho yako, Bwana! Nasikia mbuzi wako unawatambua hata ukiwa umefumba."

"Kwa mlio tu, binti!" Shemboza akajigamba, akafumba macho.

Kidawa akanyata uani, akafungua kamba moja, akavuta nyingine. Mbuzi akalia.

"Haya, Bwana, unaonaje? Huyo ni wa nani?"

"Naona ni wangu! Amezaliwa zizini kwangu, naapa mbele ya mwenyekiti!"

"Fumbua basi."

Shemboza akafumbua. Mbuzi wa Kidawa alikuwa kule mlangoni, anatafuna majani. Aliyesimama mbele ya Shemboza ni beberu wa mwenyekiti, na mwenyekiti mwenyewe kamkazia macho.

"Mwenyekiti," alisema Kidawa, "mimi naenda na wangu. Wewe sasa, naona una kesi."